Kioo Hakitaki Macho

Hapa kwetu Fürth, Ujerumani, kwenye kiwanda cha vioo vya kujitazamia, mtu akiwa anatelezesha kioo juu ya zebaki, wenzake humpa mgongo. Mgeni akituona hudhani tumegombana. Wala. Zebaki ikishamkaa mtu mwilini miaka kumi, humletea haya za ajabu: mkono uliotulia huanza kucheza mara tu jicho la mtu linapouangukia. Ndiyo maana tunapeana migongo. Heshima iliyotubakia kiwandani ni hiyo tu.

Kunigunda Prell alifanya kazi kwenye meza iliyo jirani na yangu kwa miaka kumi na tisa. Meno yalimwisha yote, mkate aliuloweka kwenye bia ndipo aule. Asubuhi moja alisahau kuvua pete yake ya ndoa; ikageuka nyeupe, na baada ya siku chache ikakatika kama biskuti. Zebaki hula dhahabu, hula fedha, hula bati. Chuma ndicho kinachoishinda. Kunigunda, mjane siku nyingi, alicheka tu. "Afadhali," alisema. "Hata aliyenivisha hakudumu."

Kutetemeka kwake hakucheka nako. Alikuficha kwa ajili ya binti yake Babett, wa miaka kumi na saba. Chumba walicholala kilikuwa cha mwenye kiwanda, na sharti lake lilijulikana: anayeacha meza anaacha na chumba, isipokuwa mtu wa nyumbani kwake akishika nafasi yake. Kunigunda aliapa kwamba Babett hataishika. Alikwisha kumpatia fundi cherehani kule Nuremberg, ambaye angempokea na kumpa mahali pa kulala baada ya sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli. Zilibaki wiki tatu.

"Wiki tatu tu, shoga," aliniambia. "Mwanangu akishatoka, hata wakinitupa mtoni poa."

"Wakutupe mtoni na zebaki yao yote hiyo? Thubutu! Watakukamua kwanza."

Alicheka mpaka akakohoa.

Alhamisi moja mchana, mwaka 1884, alikuja daktari wa serikali kutazama afya zetu. Alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo linaloniuma. Angekuwa mshenzi ningemtukana moyoni nikalala vizuri. Aliomba aonyeshwe kioo kinavyopakwa, na msimamizi, Bwana Zagel, kwa kutaka sifa, akamwita Kunigunda kwenye kioo kirefu kuliko mtu.

Alianza vizuri. Alitandaza karatasi ya bati juu ya meza ya marumaru, akailainisha, akaisugua kwa zebaki hadi ikakubali, kisha akamimina mpaka bati lote likazama. Hapo bati si bati tena wala zebaki si zebaki. Vimeshakuwa kitu kimoja, na hakuna wa kuvitenganisha kwa mkono. Akainua kioo. Sote tukageuka. Daktari hakujua, maskini, akasogea karibu.

Nilisikia kioo kikigonga ukingo wa meza, ta-ta-ta-ta.

"Vipi wewe mama, umeamkia bia leo?" akafoka Zagel.

"Usiniogope, mama," daktari akasema kwa upole. "Endelea tu. Nataka kuitazama mikono yako."

Nilipaswa kumwambia, daktari, geuka. Sikusema. Niliogopa asije akatazama na yangu. Sijajisamehe.

Babett alikuwa mlangoni, amemletea mama yake supu ya viazi. Aliweka chungu chini, akaja mbio, akamsukuma mama yake kwa bega na kukishika kioo kabla hakijaanguka. Tangu utotoni alikuwa akichungulia kazi ile kutoka mlangoni. Alikitelezesha kwa mkupuo mmoja, kikisukuma uchafu wote mbele yake, kikalala bila kubakiza hata povu moja la hewa.

"Toka!" Kunigunda alipiga kelele. "Babett, toka hapa!"

"Tulia mama, nimeshamaliza."

Daktari aliandika kwamba Kunigunda asifanye tena kazi ile, kuanzia siku hiyohiyo. Aliandika haki. Zagel yeye hakutazama kioo wala karatasi ya daktari. Alitazama mikono ya msichana.

"Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi," alimwambia. "La sivyo, Jumapili mhame."

"Tutahama," Kunigunda akasema. "Mimi nakwenda nyumba ya maskini, wewe unakwenda Nuremberg."

"Nyumba ya maskini, na mimi niko hai? Acha, mama. Nitakuja, Bwana Zagel."

Walibishana siku tatu. Chumba changu kiko ubavuni mwa chao na ukuta ni mwembamba, nilisikia yote. Jumapili alasiri kukawa kimya, kisha Kunigunda akagonga mlango wangu. Alikuwa na mkasi.

"Njoo unisaidie," alisema. "Mkono wako bado afadhali."

Babett alikuwa amekaa kitini karibu na dirisha, mikono juu ya meza. Zebaki hujificha chini ya kucha, kila mmoja wetu anajua.

"Zikate hadi kwenye nyama," mama yake akaniambia. "Kesho anaingia kazini. Usimwonee huruma."

Nilizikata zote kumi. Kunigunda alimshikilia vidole, kimoja baada ya kingine.