Mwenye Ndoo Pembeni mwa Uwanja

Kwa wiki tatu sasa Cansilde alikuwa akitazama kwenye kompyuta Wabelgiji wa enzi za ukoloni wakishuka kwenye magari. Walishuka kuzindua daraja, wakashuka kukagua askari, wakashuka kutazama mbio za baiskeli, na kila waliposhuka ilisikika sauti ya bwana mmoja, Kifaransa chake kimepigwa pasi, akiwataja kwa jina na cheo. Hata farasi wa kamanda alikuwa na jina. Watu weusi waliosimama juani tangu asubuhi kuwapungia mikono waliitwa wenyeji, basi, imetosha.

Cansilde ana miaka sabini na mmoja. Alipiga taipu ofisini Goma, akaja kupiga taipu hapa Gisenyi mpaka akastaafu, na mgongo wake haukubali tena kiti chochote. Macho yanamtoka machozi bila huzuni yoyote. Amechoka, na hafichi. Lakini aliyemwomba kazi hii ni dada yake mkubwa, Dancille, yaya wake kama anavyomwita, ambaye yuko kitandani chumba cha pili, moyo wake umedhoofika, na daktari amekwisha kuwaambia watoto wake wasisafiri mbali. Dancille anataka kitu kimoja tu: kuiona tena sura ya baba yao kabla hajafumba macho.

Picha hawana. Walipokimbia machafuko ya Rwanda kwenda Kongo mwaka hamsini na tisa walibeba sufuria, mkeka, na Cansilde mwenyewe, mtoto wa miaka mitano. Baba yao, Ntawukuriryayo, alifia Masisi kwa homa kabla hawajamaliza mwaka. Cansilde hamkumbuki hata kidogo. Anajua kile ambacho ukoo mzima unakijua: baba alikuwa mchezaji wa mpira, tena mchezaji hatari, aliyecheza mbele ya gavana. Siku ya gusaba ya binti wa Dancille, wakwe walipokuja kuomba mchumba, msemaji wa familia alisimama akalieleza jambo hilo kwa dakika kumi nzima, na wakwe wakapiga makofi.

Kwa hiyo Nishimwe, mpwa wao anayeishi Ubelgiji, alipowatumia filamu za habari za zamani, na moja ikawa ya mechi ya Gisenyi mwaka hamsini na saba, Cansilde alizitazama zote asije akapitwa na kitu, kisha akaing'ang'ania hiyo moja. Ni dakika nne tu. Timu ya mji inacheza na timu ya askari, wote miguu mitupu. Alikuwa akiisimamisha filamu kwenye kila uso, anaupiga picha kwa simu, na jioni anampelekea Dancille, maana dada yake hawezi kutazama vitu vinavyokimbia, kichwa kinamzunguka.

"Haiko yeye," Dancille alisema kila jioni.

Kilichomkera zaidi Cansilde ni mtu mmoja mwenye ndoo. Mchezo ukianza kunoga tu, huyo hapo, kainama, anatembea kinyumenyume mbele ya kamera, mgongo wake umejaa kioo kizima. Mara tatu katika dakika nne! Cansilde alikuwa akimpigia kelele kana kwamba anasikia. "Toka, muzee! Toka hapo, unanifungia batu!" Kisha anambonyeza kwa kidole, anamrukisha.

Alhamisi alasiri nyuso zikaisha. Alimpelekea dada yake picha ya mwisho, ya golikipa, na Dancille akatikisa kichwa.

"Bon," Cansilde alisema, akakaa ukingoni mwa kitanda. "Wamekwisha, yaya. Baba haiko mule. Mi nimechoka."

Dancille akauliza, akiangalia ukuta, "Na ule unafukuzaka kila siku? Nakusikiaka huku."

"Ule ni muzee moja na ndoo yake. Ananizibia wachezaji."

"Anatembea kinyumenyume?"

Cansilde akageuka. "Umejuaje?"

Dancille alianza kulia polepole, bila sauti. "Ni mi njo nilidanganya. Kule Masisi, ku masomo, batoto balikuwa banatucheka. Banasema bakimbizi ni batu bure. Nikasema baba yangu alichezaka mpira mbele ya gavana. Mama alisikia, akanyamaza. Kisha we ukakua nayo."

"Na baba?"

"Baba alikuwa anachora laini na majivu. Wachezaji banazifuta na miguu, yeye anarudilia. Majivu tulikuwa tunachekecha na Mama, kila siku ya samedi."

"Wiki tatu, Dancille! Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona haya. Nilifikiri pengine utamuona we mwenyewe."

Cansilde alikasirika. Alitaka kusema mengi, kuhusu mgongo wake, macho yake, na wale wakwe waliopiga makofi. Lakini hasira nayo inataka nguvu, na yeye nguvu hizo hakuwa nazo. Alinyanyuka akaleta kompyuta, akaiweka juu ya blanketi, akaisogeza filamu mpaka dakika ya pili. Mgongo ukajaa kioo. Safari hii hakuurukisha.

Mtu yule alirudi nyuma hatua sita, akimimina majivu kwa kopo, mstari umenyooka kuliko barabara ya gavana. Alipofika kona alijiinua, akajifuta jasho kwa mkono, majivu yakabaki kwenye paji la uso. Akageuka. Cansilde akabonyeza, filamu ikasimama.

Hakuwa mzee hata kidogo. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mdogo kuliko watoto wa Dancille, na masikio yake yalikuwa yale yale ambayo Cansilde huyafunika kwa kitambaa kila aendapo misa.

"Njo yeye," Dancille alisema, akagusa kioo kwa kidole.

Cansilde alisogea karibu na kioo. "Nisamehe, baba," aliiambia ile sura. "Wiki tatu niko nakufukuza."

"Mi miaka sitini na zaidi," Dancille alisema.