Nimedarizi aya kwenye nyumba kumi na saba za ndoa bila kujua inasema nini

Wakuu, salamu kwenu nyote, wenye dini na msio nayo.

Humu mimi ni msomaji wa kimya. Nasoma, nacheka, nafunga simu, narudi kwenye cherehani. Leo kimya kimenishinda. Haya ni yangu mwenyewe, sikusimuliwa, na nikiongeza chumvi Mungu ananiona. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Kiswahili changu mnivumilie, mimi ni wa Lubumbashi. Watu wakiongea nitawaandika kama walivyoongea.

Na nawaambia mapema: naandika nikiwa na hasira. Anayetafuta uzi wa busara na upole apite, Mungu ambariki.

Mimi ni fundi cherehani hapa Kamalondo. Mwanamke, miaka arobaini na kitu, familia yetu ilitoka Maniema zamani. Nashona libaya, zile blauzi za kitenge, nashona uniforme za shule, narekebisha suruali za watu waliokula sana sikukuu. Lakini jina langu limejengwa na kitu kimoja tu, kitambaa cha aya.

Kwenye familia zetu, binti akiolewa, shangazi yake anamletea kitambaa kilichodariziwa aya kwa uzi wa dhahabu. Kinatundikwa salon, yaani sebuleni, juu ya kiti kirefu, mgeni akiingia akione kabla ya kuona sura ya mwenye nyumba. Bibi harusi asiye na kitambaa watu wanaulizana kama hana shangazi.

Miaka tisa iliyopita mteja wa kwanza alinijia. Alitaka "aya ya ndoa". Mimi madrasa niliiacha nikiwa na miaka kumi, herufi nazitambua kwa kuburuta kama mtu anayevuka tope. Nikaenda kwa Mwalimu.

Mwalimu ndiye anayetusomea kwenye harusi na misiba. Sauti yake, niseme ukweli hata nikiwa nimekasirika, ni nzuri sana. Siku hiyo alikuwa anatoka. Akafunua msahafu, akapapasa ukurasa, akaninakilia maneno machache kwenye karatasi ya daftari. Akasema hii ni ya mume na mke, nenda.

Karatasi hiyo nikaitia kwenye plastiki. Ikawa patron yangu, kiolezo, kama ile ya kukatia kola. Naiweka juu ya kitambaa, napitisha chaki, nadarizi. Vitambaa kumi na saba, wakuu. Sikukosea hata nukta.

Kuna papa mmoja, mzee Mkasai, Mkristo, ananiuzia nyuzi. Siku moja aliniona na kimoja kwenye mfuko akakisifia.

"Mama, ile maneno inasema nini?"

"Ni aya ya ndoa."

"Oui, mais inasema nini?"

Nikamwambia, "Papa, uza nyuzi yako." Nikaondoka nimenuna. Nilimkasirikia yeye. Nawaza sasa hivi nilivyokuwa mjinga natamani kujizaba kofi.

Sasa, mwaka jana alirudi hapa dada mmoja, Mwamini, aliyesoma Kiarabu nje miaka mingi. Akafungua darasa la wanawake kwake Kasungami, Jumamosi asubuhi. Bila kelele. Unakuja na daftari na kitu cha kutafuna. Mimi ananiita yaya, yaani dada mkubwa.

Njia yake ni rahisi mno. Anakata maboksi ya sabuni kuwa kadi ndogo. Upande mmoja neno la Kiarabu, upande wa pili Kiswahili. Anaanza na vile vineno vidogo vinavyojirudia kila ukurasa: kutoka, ndani ya, juu ya, kwa, na, au. Anasema ukivijua vidogo, vikubwa vitajileta vyenyewe.

Hasira yangu ilianza siku ya kwanza, kabla hata ya hili ninalolisimulia. Kwa sababu nilipogeuza kadi nikakuta nusu ya maneno nilikuwa nayo mdomoni tangu utotoni. Kitabu. Nafsi. Rehema. Dhuluma. Hata ile "au" yetu, ambayo sisi hapa tunasema "ao", imo mle mle, neno zima. Miaka arobaini natembea na funguo mfukoni na hakuna aliyeniambia kuna mlango!

Waswahili mna msemo, asiyejua maana haambiwi maana. Msemo huo nimeuchukia. Kama hajui, si ndiye wa kuambiwa?

Basi, mwezi wa tatu wa darasa Mwamini akatupa kazi. Kila mmoja alete aya iliyo nyumbani kwake, iliyoandikwa popote, kwenye kalenda, kwenye sahani, tuifungue pamoja.

Mimi nikaja na kitambaa. Kilikuwa kipya, cha kumi na nane, nilikidarizi kwa ajili ya harusi ya binti yangu mwenyewe. Nikakikunjua pale mkekani kwa madaha. Wanawake wakapiga vigelegele.

Mwamini hakupiga. Alikisoma, akanitazama, akakisoma tena.

"Yaya, nani alikupatia hii?"

"Mwalimu."

"Fungua weye mwenyewe. Kamata kadi."

Nikazitafuta kadi. "Kwa" ipo, mara mbili. Wema unaojulikana, ipo. Ihsani, ipo. Nikafurahi, maneno mazuri matupu! Halafu nikakuta "ao" katikati.

Nikasimama hapo. Aya ya harusi ina "ao" ya kazi gani? Unamwambia bibi harusi ama hivi ama vile?

Yalibaki mawili ambayo sikuwa na kadi zake. La kwanza Mwamini akasema ninalijua, ni ile imsaki ya Ramadhani, kujizuia, kushika. La pili akasema ni kuachilia, kama mtu anavyofungulia mbuzi asubuhi waende malishoni.

Nikaunganisha mwenyewe, kwa sauti, mbele ya wanawake tisa. Kumshika kwa wema, ao kumwachilia kwa wema.

Wakuu, ni aya ya talaka. Nimewapelekea maharusi kumi na saba aya ya talaka, na mashangazi wamelia kwa furaha wakitundika.

Siku hiyo hiyo nikaenda kwa Mwalimu. Nilimkuta uani kwake, anakunywa chai. Nikamkunjulia kitambaa nikamuuliza kinasema nini.

"Mama, maneno ya Mungu yote iko muzuri. Hakuna aya mubaya."

"Sikusema iko mubaya. Niliuliza inasema nini."

"Weye uko fundi wa mashine. Shona. Mambo ya maana achia benye kuisomea."

Nikamwambia, "Inasema kumushika muke kwa wema ao kumuachilia kwa wema. Ni ya talaka. Ni weye ulinipatia."

Akaweka kikombe chini. Hakukataa, hakukubali. Akasema nisiende kusemasema, nitaleta fitina kwenye nyumba za watu. Nifunike. Nidarizi zingine nzuri kuanzia sasa, za zamani niziache zizeeke ukutani.

Hakuniuliza hata mara moja kama nimeelewa sawasawa. Hakusema "samahani". Alichotaka ni nifunge mdomo. Ndiyo maana wahenga walisema mjinga akierevuka mwerevu yuko mashakani.

Sikufunga. Jumatatu nikachukua mkasi na orodha ya wateja wangu, nikaanza kuzunguka kuviondoa.

Nyumba ya kwanza mama mwenye nyumba alikitoa ukutani kana kwamba kinaungua, akaniambia ni mimi niliyemletea magomvi yote ya miaka sita. Nyumba ya pili walicheka hadi wakakaa chini. Mume akasema kibaki, kinamfaa mke wake akizidisha kelele. Mke akasema kibaki, kinamfaa yeye zaidi.

Nyumba ya tatu ni ya Feza.

Feza tulikua naye mtaa mmoja, naye pia ananiita yaya. Mume wake anafanya kazi na mashua kule Kilwa yetu ya ziwani, si ile ya pwani yenu, na huko ana nyumba nyingine na watoto wengine. Hapa hufika mara moja katika miezi mingi, analala siku mbili, anaondoka. Miaka minne hivyo. Hamtunzi, na talaka hampi. Feza akiomba aachwe, mume anasema, "Kaa tu." Akitaka kurudi kwao, wazee wanasema bado ni mke wa mtu.

Nikapanda juu ya kiti, nikanyoosha mkono kukitoa kitambaa.

"Yaya, juu ya nini unaitosha?"

Nikamweleza kwa nini nakitoa. Nikamwomba msamaha, maana huyu ndiye niliyekuwa namwogopa. Nilidhani atasema ndicho kilichomrogea ndoa.

Akakitazama kitambaa. Kisha akasema, "Isome."

Nikaisoma, nikamfasiria neno kwa neno.

"Inasema paka ile mbili tu?"

"Paka ile mbili."

"Ya tatu hakuna?"

"Ya tatu hakuna."

Akakaa kwenye kiti kirefu, mikono mapajani. "Basi miye niko mu ya tatu," akasema.

Mimi bado nimesimama pale juu na mkasi, wakuu.

Halafu akaniambia kitu kilichonichemsha damu, na hadi leo haijapoa. Mwalimu amekuja pale mara tatu kuwasuluhisha. Mara zote tatu alikaa kwenye kiti hicho hicho, mgongo wake ukiegemea ukuta huo huo, aya ikiwa sentimita chache juu ya kofia yake. Na mara zote alimwambia Feza, "Subira, mama. Mungu iko na benye subira."

Ama hakujua inasema nini, ama alijua akanyamaza. Nimeyapima yote mawili na sijui lipi ni baya zaidi.

"Shuka," Feza akaniambia. "Weka ile mukasi. Usiitoshe. Utaniandikia Kiswahili yake pa chini."

Nikaenda kununua uzi wa dhahabu. Yule papa Mkasai akaniuliza kwa uchokozi kama bado naandika nisichokijua. Safari hii nilimjibu neno kwa neno. Akasema, "Ile iko parole, neno ya nguvu, mama." Akanichagulia uzi usiochuja.

Nilidarizi siku mbili, kwa herufi kubwa, mtu aone kutoka mlangoni: UMUSHIKE KWA WEMA AO UMUACHILIE KWA WEMA.

Mume alipofika kutoka Kilwa, Feza mwenyewe akamwita Mwalimu, akaniita na mimi. Mume akakaa upande wa mlango, akitazamana na ukuta. Mwalimu akakaa kwenye kiti chake cha siku zote. Akaanza na subira.

Feza akamkatiza kwa adabu kabisa. "Mwalimu, geuka nyuma. Utusomee ile."

Akageuka. Akaisoma ya Kiarabu, na nawaambia aliisoma vizuri, nywele zilinisimama.

"Merci. Sasa utufasirie."

Akakohoa. Kiswahili kilikuwa chini yake pale pale, anakiona, lakini kukisoma ni kukubali.

Mume ndiye aliyesema. Alikuwa ameshasoma muda mrefu, midomo yake niliiona. "Nani aliandika ile?"

"Ile ya chini iliandika huyu yaya," Feza akasema. "Ile ya juu, uliza Mwalimu."

Hakuna aliyemaliza chai yake. Mwezi haukuisha, mume akamwachilia Feza kwa maandishi, mbele ya wazee, na Feza akatoka na vyombo vyake vyote. Wala hawakutukanana. Siku ya kuhama, kitu cha mwisho alichokichukua Feza kilikuwa kile kitambaa. Sasa Jumamosi anakaa karibu yangu Kasungami, anagombania kadi na watu.

Najua watakuja wajuzi hapa waniambie aya inaanzia mbali, inazungumzia talaka ya kurejea. Ninajua. Nimeisoma kuanzia mwanzo wake, na mbele kidogo nimekuta inakataza kumshikilia mke kwa kumdhuru. Nimeyafikia kwa kadi za boksi la sabuni. Nyinyi mliosoma miaka kumi na mitano mlikuwa wapi?

Mtaani nimeshapewa jina, mvunja ndoa. Mwalimu hanijibu salamu. Wateja wawili wamehama. Sawa.

Na binti yangu? Kitambaa chake nilimuuliza kama nikifumue nitafute aya nyingine. Akamwita mchumba wake, wakasoma wote wawili. Kimetundikwa kwao, na Kiswahili chake chini. Sasa hivi hakuna kitambaa kinachotoka kwangu bila Kiswahili chake chini, asiyetaka aende kwa fundi mwingine. Zile nyumba zilizobaki naziendea na uzi badala ya mkasi.

Nilichojifunza ni hiki. Mimi nilidhani nimewatundikia watu laana. Kumbe nilikuwa nimewatundikia haki yao, miaka tisa, kwa dhahabu, na mwenye haki anapita chini yake akiifuta vumbi. Ni hilo linaloniuma. Kosa la aya ya harusi ningelicheka.

Wenye matusi tukaneni, wenye elimu nisahihisheni, nipo. Lakini kabla hujaandika neno, inuka ukaangalie ukuta wa nyumba yako, au kalenda, au sahani ile ya mama. Kisha rudi hapa utuambie imeandikwa nini.