Springi ya Pasaka

Ravdna hakuwa mtu wa kupendwa, na hakuwahi kuhangaika kupendwa. Aliolewa akitokea pwani, binti wa wavuvi, akaingia katika ukoo wa wafugaji wa kulungu wa theluji ambao humwita mtu wa pwani "mla samaki" hata akiwa amekula nyama yao miaka ishirini. Alipofika hakujua kurusha kamba wala kusoma alama za umiliki zinazokatwa masikioni mwa wanyama. Alichokijua ni injini, maana baba yake alikuwa na mashua mbovu na hakuwa na mtoto wa kiume. Mengine yote alijifunza huku akitukanwa, na kwa kweli hiyo ni shule inayofundisha haraka.

Mumewe Ánde alipokufa alimwachia wanyama, pikipiki ya theluji iliyochoka, na kulungu maksai mmoja mweusi aliyeitwa Muzet. Huyo maksai ndiye aliyekuwa mali. Kila majira ya kuchipua ukoo huhamisha kundi kutoka bara kwenda malisho ya pwani, na lazima mtu mmoja atangulie na pikipiki, nyuma yake amemfunga maksai aliyefunzwa, mwenye kengele shingoni. Kundi hufuata kengele. Anayetangulia ndiye anayechagua njia na mahali pa kupumzika. Walio nyuma huokota wanyama waliochoka na kuvuta moshi wa wenzao. Ánde alitangulia miaka yote. Alipoondoka, nafasi ikamwangukia Ravdna kwa sababu Muzet hakukubali kumfuata mtu mwingine. Shemeji yake Heaika, kaka wa marehemu, aliikubali hali hiyo kama mtu anavyokubali jiwe ndani ya kiatu.

Mwaka huo, asubuhi ya kwanza ya safari, pikipiki ya Ravdna ilimwaibisha.

Kuongoza kundi ni kwenda mwendo wa mtu anayetembea, bila kushtua. Ravdna alikibana kishikio cha mafuta kwa kidole gumba. Pikipiki ikanguruma, haikusogea. Akaongeza kidogo, bado. Akaongeza tena kidogo tu, ikaruka mbele kama imepigwa teke. Shingo ya Muzet ikavutwa. Akapunguza, ikasimama ghafla. Akaanza upya, ikaruka tena. Maksai akakita miguu, macho yakamtoka, na katika mruko uliofuata kamba ikakatika. Majike yenye mimba yaliyokuwa nyuma yake yakageuka. Kundi likajizungusha mara moja kama maji kwenye beseni, kisha likamwagika kurudi kwenye vichaka vya mibetula. Mpaka walipolikusanya, jua lilikuwa limeshalainisha gamba la theluji na pikipiki zilikuwa zinazama. Siku ilikwisha hapo.

Heaika alimfuata mbele ya hema, watu wote wakisikia.

"Shemeji, tulitoka kuhama au tulitoka kucheza ngoma?"

"Pikipiki ina hitilafu. Nitaitengeneza."

"Pikipiki ina hitilafu, kamba ina hitilafu. Hivi mwenye pikipiki yeye hana hitilafu?" Wawili watatu walicheka. "Kesho gamba likishika, Áilu anatangulia. Ya kwake mpya, inanyata kama paka. Wewe utampa Muzet."

"Muzet hamfuati Áilu."

"Atajifunza. Hata wewe ulijifunza."

Áilu alikuwa mtoto wa Heaika, kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye mabega mapana na akili ya kuazima. Alikuwa amesimama pembeni akitafuna nyama kavu.

Ravdna naye hakubishana. Alijua bei ya kubishana na mtu mwenye hadhira. Alijua pia kwamba akiachia nafasi ya mbele asubuhi moja, hatarudishiwa. Mwaka huu angekuwa nyuma akiokota ndama. Mwaka ujao wangemuuliza kwa nini mjane anajisumbua na mifugo. Wa tatu angekuwa pwani anakatakata samaki wa watu. Alikuwa na muda wa mchana huo tu, wakati wengine wamelala wakisubiri theluji igande tena.

Alianza na kile ambacho kila mtu huanza nacho. Aliifungua kabureta, akapuliza vitundu vya mafuta ya mwendo mdogo, akamwaga petroli ya chini ya tangi asije akawa anahangaika na maji. Aliangalia waya wa mafuta, akaulegeza kidogo ili kidole kipate nafasi kabla ya kuvuta. Akawasha. Injini ilitulia vizuri kama inasinzia. Akabana mafuta: kimya, kimya, kisha teke.

Basi hayakuwa mafuta. Alitoa kifuniko cha pembeni, akaongeza mafuta polepole huku macho yakiwa kwenye klachi. Hapo aliona. Mkanda ulikuwa umekaa tu katikati ya sahani mbili za puli, injini inapiga kelele, na sahani zinakataa kubana. Zilipokuja kubana, zilibana zote kwa pamoja, injini ikiwa tayari na hasira. Kwa mwendo wa kasi jambo hilo halionekani kabisa, ndiyo maana kutoka kijijini mpaka hapo hakushuku kitu.

Alilegeza bolti za klachi moja baada ya nyingine, zamu kwa zamu, kwa sababu springi iliyo ndani ikiachiwa ghafla inaweza kukuvunja meno. Kifuniko kilipotoka aliitazama ile springi. Ya Ánde ilikuwa nyembamba, haina rangi. Hii ilikuwa nene, imepakwa manjano, na springi ngumu hivyo hairuhusu sahani zibane mpaka injini iwe inapiga kelele.

Aliingia hemani akampiga Áilu kwa buti kwenye unyayo.

"Amka. Hii nini?"

Áilu alifumbua jicho moja. "Springi."

"Ya nani?"

"Mama mdogo, si uliniazima pikipiki wakati wa Pasaka? Mbio za pikipiki kuukuu pale mjini Kautokeino. Bila springi ngumu huwezi kuchomoka mstarini." Alijikuna. "Nilishika nafasi ya pili."

"Hongera. Na yangu iko wapi?"

"Nyumbani. Kwenye ndoo, karibu na mlango. Nilisahau kurudisha."

Nyumbani palikuwa mbali, na gamba lilikuwa limelainika. Hakuna ambaye angeenda na kurudi kabla ya safari. Kutoka pembeni, chini ya ngozi zake, sauti ya Heaika ikatoka bila uso.

"Basi tatizo limejulikana. Áilu anatangulia kesho. Sasa acheni watu walale."

Ravdna alisimama akisubiri aone kama shemeji angemgombeza mwanawe hata neno moja. Hakumgombeza. Kijana aliharibu, na kijana huyohuyo akapewa nafasi ya aliyeharibiwa. Ravdna alitoka nje, akajifunga mbao zake za kutelezea miguuni, akaelekea ziwani kwa Jovnna.

Jovnna alikuwa mzee asiye na mke, mwenye kibanda kando ya ziwa na nyavu zilizotegwa chini ya barafu. Alimchukia Heaika kwa sababu nzuri: Heaika hupenda kukatiza ziwani, na mwaka kabla Ravdna hajashika usukani wa mbele, alimshawishi Ánde, kundi likapita juu ya nyavu, likavunja miti yote ya kuzishikilia, na mashimo yakaganda na nyavu ndani. Hata baada ya hapo, kila mwaka Heaika alimsukuma Ravdna apite karibu na ziwa kadiri iwezekanavyo. Nyuma ya kibanda cha Jovnna palikuwa na pikipiki iliyoungua injini, ya aina ileile ya Ánde.

"Kahawa sina," Jovnna alisema kabla hajasalimiwa, na birika linachemka nyuma yake.

"Sikuja kunywa. Nataka springi ya klachi kwenye ule mkweche wako."

"Nawe utanipa nini? Nipe yule maksai mweusi."

"Kwa springi? Ukiniuzia kibanda na wewe mwenyewe ndani bado hujafika bei ya mguu wake."

Mzee alifurahi kidogo. Hakuwa amepata mtu wa kutukanana naye tangu majira ya baridi yaanze. "Basi nenda. Waambie wale ndugu zako wa nyama wakupe."

"Ndugu zangu wanataka nisiipate. Asubuhi Heaika anamweka mwanawe mbele. Wewe unajua Heaika anapita wapi." Ravdna alitazama miti ya nyavu iliyosimama kwenye barafu, akaihesabu kwa macho makusudi ili mzee amwone. "Mimi nikitangulia, kundi linapita nyuma ya kilima. Mbali kabisa na ziwa."

"Hayo ni maneno. Wanawake wa pwani wamejaa maneno."

"Taka rehani, basi."

Jovnna alimkagua toka kofia hadi buti. Jicho lake likakwama kiunoni, kwenye kisu cha kukatia alama masikio ya ndama, mpini wa pembe. "Kisu cha mumeo. Ukipita nyuma ya kilima, njoo ukichukue kabla ya ndama kutiwa alama. Ukipita ziwani, nitachunia samaki."

Ravdna alikivua taratibu, kama mtu anayeng'olewa jino, akakishika kidogo kabla ya kukiachia. Kilikuwa kisu kibaya, chuma laini, na Ánde mwenyewe alikuwa akikilalamikia. Lakini mzee hakuulizwa hilo, na Ravdna hakuona sababu ya kumsaidia kupanga bei.

Springi aliitoa mwenyewe, mzee akimsimamia na kumkosoa. Ile ya manjano aliiacha kwenye benchi.

"Hii ya nini?" Jovnna akauliza.

"Ya mashindano. Kuna mtu ataifuata."

Alirudi, akasafisha sahani za puli kwa kitambaa mpaka zikakwaruza kidole, akaweka springi laini, akafunga bolti zamu kwa zamu, akahakikisha mkanda haujakaza mno. Akapanda. Alibana mafuta, na pikipiki ikaanza kutambaa bila kumwomba ruhusa. Akapunguza, ikapunguza. Alizunguka hema mara kadhaa kwa mwendo wa bibi kizee, na waliokuwa ndani wakasikia.

Gamba liliposhika, Áilu alikuwa tayari juu ya pikipiki yake mpya. Ravdna alimpita akiwa na Muzet kambani na kengele inalia, na wanyama wa mbele wakaanza kuifuata kengele kabla Heaika hajamaliza kufunga mizigo. Kundi likishaanza, hakuna anayekimbia kwenda mbele. Ukikimbiza pikipiki ubavuni mwa majike yenye mimba, unalitawanya mwenyewe, watu wote wakikuona.

Penye njia panda ya ziwa, Ravdna alikata kulia, kuelekea nyuma ya kilima. Redio ya mawasiliano aliyoivaa kifuani ikakoroma.

"Ravdna. Unakwenda wapi?"

"Kilimani."

"Huko tunapoteza nusu asubuhi. Nani amekutuma?"

"Njoo mbele tuzungumze, shemeji."

Alisikia redioni kitufe cha Heaika kikibanwa, kisha kikiachiwa. Nyuma yake Muzet alitembea kamba ikiwa imelegea, na nyuma ya Muzet mstari wa migongo ya kijivu ulipinda kuuzunguka ubavu wa kilima, mrefu, bila haraka. Chini kule ziwani mtu mmoja alikuwa amesimama kati ya miti ya nyavu zake na bunduki begani, endapo maneno ya mwanamke wa pwani yangegeuka.

Walipopumzika, kundi likilala kwenye jua, hakuna aliyemletea Ravdna kahawa. Alichemsha yake. Heaika alikaa upande wa pili wa moto, akimtazama kama mtu anayepima mbao.

"Umeuza njia ya ukoo," alisema.

"Nimenunua springi. Ile yangu iko kwenye ndoo ya mwanao."

Áilu aliinua kichwa kutoka kwenye nyama yake. Ilionekana jambo hilo ndiyo kwanza linamfika.

"Mama mdogo, na ile yangu ya manjano? Ile ghali, nitaihitaji Pasaka ijayo."

"Ipo kwa Jovnna, kwenye benchi. Nenda kaichukue." Alikatia kipande cha jibini ndani ya kahawa yake, kama ilivyo desturi ya huko. "Jitambulishe vizuri. Mwambie wewe ni mtoto wa Heaika."