Sikumwambia Arudi

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi umalize, halafu unywe chai yako unisikilize. Haya yamenipata mimi, mwili huu unaouona. Sikuwa nimelewa, mimi ni mlokole, kanisani wananijua. Kitu pekee kilichokuwa kichwani mwangu asubuhi ile ni uchovu, na uchovu kila mtu hapa Buffalo, Marekani hii, anao.

Unajua maisha yetu. Mimi napanga maboksi boharini usiku kucha. Mke wangu, Mama Neema, anafua mashuka ya mahoteli mchana. Katikati yetu yuko Neema, miaka mitatu. Tunampokezana mlangoni: mimi naingia, mama yake anatoka mbio kuwahi basi. Msimamizi wake alikuwa ameshamwambia kwamba akichelewa tena asijisumbue kurudi. Na bila ule mshahara wake, nyumba hii tusingeiweza. Kwa hiyo kila asubuhi ilikuwa lazima nifike.

Halafu daktari akanikuta na sukari. Akasema nikimbie. Kukimbia! Sisi tulikimbia kutoka Burundi tukiwa na sababu. Mama yangu angeniona nakimbia na hakuna anayenikimbiza, angepiga yowe kambi nzima ya wakimbizi itoke. Lakini nikatii. Nikawa nashuka kwenye basi vituo kadhaa kabla ya nyumbani, nakuja mbio kwa ile njia iliyokuwa ya reli. Waling'oa vyuma na mataruma, wakamwaga lami, sasa wazungu wanakimbia pale na mbwa wao. Inapita nyuma ya maduka na nyuma ya nyumba za watu, inaelekea kaskazini mpaka nje ya mji.

Asubuhi hiyo kulikuwa na ukungu, baridi ya kuuma masikio, lakini kumekucha kabisa. Nikamwona mzee anakuja mbele yangu. Koti zito, kofia ya sufu, na miguuni kandambili. Kandambili kwenye barafu! Nilitaka kupita tu, miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi. Lakini utampitaje mzee mweusi peke yake bila kumsalimu?

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pole na kazi."

Kiswahili chetu kile cha kambini, niamini. Akaniambia ametoka kutembelea watu. "Wameniaga mlangoni, wakafunga," akasema. "Hakuna hata mmoja aliyetoka. Nisindikize kidogo."

Sasa niambie, wewe ungefanya nini? Kwetu mgeni haagwi mlangoni. Unatoka naye, mnaongea taratibu, mpaka yeye mwenyewe aseme, "Basi, rudi sasa." Kabla hajasema, ukigeuka umemtukana. Wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi mama alinifunza vizuri mno, na hilo ndilo lililoniponza. Nikageuka, nikamsindikiza, mgongo wangu ukielekea nyumbani.

Alikuwa mtu wa maneno matamu. Aliniuliza habari za kambi, nani bado yuko, nani alipelekwa Louisville, nani yuko Columbus. Alimjua marehemu mama, hata ugonjwa wake wa magoti. Mimi najibu tu, macho yanajifumba huku natembea. Nasubiri aseme "rudi". Hasemi. Tukapita daraja, tukapita maduka ya mwisho, hasemi.

Simu ikalia.

"Uko wapi?" Mama Neema alikuwa anapiga kelele. "Basi linakuja!"

"Nasindikiza mgeni."

"Mgeni gani asubuhi hii? Mtoto namwachia nani?"

Simu ikakatika. Nikasema, "Mzee, naomba ruhusa, mtoto atabaki peke yake."

"Bado kidogo, mwanangu. Hata pale mbele."

Hapo ndipo nilipoangalia chini. Lami ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nakanyaga kokoto na mataruma, na vyuma vya reli vilikuwa pale, vyeusi, vinaingia kwenye ukungu. Vyuma walivyoving'oa kabla mimi sijafika nchi hii! Nikamtazama mzee usoni. Baridi ile, kila mtu anatoa mvuke kinywani. Mvuke ulitoka kwangu peke yangu.

Niliogopa, sikufichi. Nilitaka kukimbia, lakini miguu ilikataa kumpa mgongo. Nikajua nikiendelea, Neema hanioni tena. Sijui akili ile ilitoka wapi, labda ni Mungu. Nikasema, "Mzee, wewe umetangulia kukaa nchi hii. Mwenyeji ni wewe, mgeni ni mimi. Nami naondoka. Nisindikize."

Akasimama. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Kweli umefunzwa," akasema. Akageuka, akaanza kunisindikiza mimi.

Kurudi hakukuchukua muda. Sikuliona daraja wala maduka. Mara tuko mtaani kwangu. Mama Neema amesimama kwenye ngazi na koti lake, machozi ya hasira yanamtoka, na basi ndio kwanza linakata kona. Nilikimbia mbio ambazo daktari hajawahi kuziona. Nikaingia, nikamshika mtoto, yeye akatoka. Basi akaliwahi. Nikafunga mlango, nikakaa sakafuni na viatu vyangu, usingizi ukanibeba.

Nikashtuka nimeloa jasho. Mgeni nilikuwa mimi. Aliyepaswa kusema "rudi sasa" ni mimi. Na sikusema.

Tangu siku hiyo ananisindikiza. Nikishuka kwenye basi nasikia kandambili nyuma yangu, pa, pa. Boharini, kati ya maboksi, pa, pa. Njia ile ya reli nimeiacha, lakini yeye hajaniacha. Mchungaji ameomba mpaka sauti ikamkauka. Nami nimemwambia, usidhani sikumwambia. Nimesimama mlangoni nikasema, "Rudi sasa, mzee, asante." Anajibu kwa adabu zote, kama anavyojibu yeyote anayekupenda: "Bado kidogo, mwanangu. Hata pale mbele."

Juzi Neema alisimama dirishani pale. Akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba yule babu wa nje amechoka, kwa nini hatumwachi aende kwake. Nililia, ndugu yangu. Amechoka yeye, nimechoka mimi, na anayesindikiza hageuki mpaka mgeni afike anakokwenda. Ni wapi huko, sitaki hata kumuuliza.

Basi wewe ukipita njia ile, salimia, toa pole, endelea na safari yako. Na kama adabu imekuponza ukasindikizwa, usiingie ndani kabla hujamgeukia na kumwambia arudi. Mwambie hata kama basi linaondoka.

Na leo ukimaliza chai, nitakuaga hapahapa mlangoni. Usiende kusema nimekuwa mzungu. Nikitoka na wewe tutakuwa watatu, na sijui kati yetu nani atarudi.