Senti ya Tundu Iliyonipeleka Endulen

Niliondoka Karatu kwa ajili ya sarafu moja ya senti kumi. Msicheke. Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea kwisha, nami nilikuwa msichana wa darasa la tano. Wenzangu walikusanya vifuniko vya soda. Mimi nilikusanya fedha zilizokufa, zile za mkoloni zenye tundu katikati, ambazo hakuna duka lililozipokea tena. Nilizitunga kwenye kamba ya katani kwa kufuata miaka, mfalme baada ya mfalme. Nikitumwa chumvi nilipita maduka yote ya mjini, hata yale niliyojua kabisa kwamba chumvi imekwisha.

Duka nililolipenda kuliko yote lilikuwa la Mama Eli, Mchaga aliyehamia kwetu kutoka Kilimanjaro. Alikuwa na droo ya vifungo, funguo zisizo na kufuli na sarafu za kale, na aliniacha niichambue nimekaa sakafuni huku yeye akipima mafuta ya taa. Mama yule alikuwa na moyo jamani. Siku moja aliishika kamba yangu, akaipitisha vidoleni sarafu moja moja, akatikisa kichwa.

"Umeruka mmoja," akasema. "Kati ya mfalme baba na huyu mdogo alikuwapo kaka mtu. Aliacha kiti kwa ajili ya mwanamke, mwaka haujaisha. Lakini senti zenye jina lake zilikuwa zimeshatoka."

"Unayo, Mama Eli?"

"Nilikuwa nayo. Mzee Saruni, mwenye duka kule Endulen, alikuja akazibeba zote za tundu, kopo zima. Sikumuuliza za nini."

Za nini tena? Mimi nilijua. Kumbe nilikuwa na mwenzangu! Nilimwona kichwani mwangu, mzee na meza yake, sarafu zimepangwa juu ya kitambaa, akisubiri mtu wa kuongea naye. Tangu siku hiyo nikaanza kuhesabu siku zilizobaki kufika likizo.

Likizo ilipofika nilimganda Shangazi Paskalina wa Qurus, aliyekuwa akipeleka mahindi Endulen kuwauzia wafugaji, maana kule ni ndani ya hifadhi na kilimo kilikuwa na masharti. Alikataa, akakataa tena, mwisho akachoka.

"Utakaa juu ya magunia," akasema. "Ukitapika, utafua mwenyewe."

Alfajiri tukapanda lori. Baada ya lango la hifadhi pale Lodoare tuliingia kwenye msitu na ukungu, baridi inauma masikio, miti imeota ndevu za kijani. Juu ukingoni mwa kreta dereva alisimama ili injini ipoe. Ukungu ukafunguka, na chini yetu nikaiona kreta yote, ziwa jeupe katikati na vivuli vya mawingu vikitembea kwenye majani. Sikuwa nimewahi kuona kitu kikubwa kiasi kile kikiwa kimya kiasi kile. Hata Shangazi aliacha kuhesabu magunia yake.

Kutoka hapo tuliteremka Malanja, nyika ya majani isiyo na mti, vijana wenye mashuka mekundu wakipisha lori na ng'ombe wao bila haraka yoyote. Vumbi lilitufanya sote kuwa wazee. Mlima Lemagrut ulikuwa mkono wetu wa kulia, umejifunika wingu kichwani, nami nilikuwa nikiipapasa kamba yangu mfukoni.

Endulen tulifika mchana. Mzee Saruni alikuwa mrefu, mwembamba, amevaa shuka na katambuga, vile viatu vya tairi. Alimwamkia Shangazi, "Takwenya," Shangazi akaitikia, "Iko." Mimi nikainamisha kichwa, akanigusa utosini. Vijana wakaanza kuingiza magunia dukani, nami nikashindwa kuvumilia.

"Babu, nimekuja kuona sarafu zako za tundu."

Alinitazama, akaitazama kamba niliyomtolea, kisha akacheka mpaka akashika mlango.

"Ziko juu," akasema, akionyesha paa. "Nilipoezeka nilipata misumari, washa, vile visahani vya kuziba tundu chini ya msumari, sikupata. Mzungu alizitoboa vizuri sana hizi. Msumari wa bati unapita, na maji hayapiti."

Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni. Mkusanyaji mwenzangu alikuwa amezipigilia misumari. Machozi yalinilengalenga, na sikujali nani ananiona. Mzee akaacha kucheka, akaleta ngazi.

"Mtaka cha mvunguni huinama," akasema. "Chako kiko juu. Panda."

"Na gauni hilo?" Shangazi akauliza. Nilikuwa nimeshafika katikati ya ngazi.

Mpaka leo sijaona kitu kama lile paa. Zilikuwa safu kwa safu, kila mfalme na kila mwaka, zimepauka kwa jua, maandishi yakisomeka kuzunguka vichwa vya misumari. Nilitambaa nikizisoma kwa kidole. Kwenye safu ya juu kabisa nikalikuta jina la yule aliyeacha kiti, nikapiga kelele kama nimeumwa na nyuki.

Mzee akapanda na koleo na nyundo, akaung'oa msumari, akaniwekea senti kiganjani. Hapo hapo mvua ikashuka kutoka Lemagrut.

"Inavuja!" Shangazi akaita kutoka ndani. "Inadondokea sukari ya mgawo! Wewe mtoto, rudisha hiyo senti ilipokuwa!"

Sukari ya mgawo wakati ule haikuwa mchezo. Kijiji kizima kilikuwa kikiisubiri. Nilikunja ngumi. Sikutaka, naapa sikutaka. Kisha nikanyoosha mkono, nikamrudishia.

Mzee hakuipokea. Alikaa kwenye bati lililolowa, akavua kiatu kimoja, akachomoa kisu kiunoni na kukata kipande cha tairi pale kisiginoni. Akakitoboa kwa msumari ule ule, akakipigilia. Matone yakakoma.

"Tairi ni nzuri zaidi," akasema. "Ningejua mapema, nisingebeba kopo lile lote toka Karatu."

Tukiwa njiani kurudi, Shangazi hakunigombeza. Alinifunika kanga yake mpaka Lodoare. Nilijifunza kuuliza kitu kinafanya kazi gani pale kilipo kabla sijakitamani.

Tangu hapo nimeingia maduka ya sarafu ya mijini, yenye taa na makabati ya vioo. Muuzaji mmoja aliitazama senti yangu kwa lenzi, akasema si adimu, ziko tele. Nilimkubalia, nikaifunga kwenye leso. Yeye hakumwona Mzee Saruni akitusindikiza hadi kwenye lori, mvua inanyesha, kisigino kimoja kikikanyaga matope.