Nilimutolea Mujukuu Wangu kwa Mukubwa Wake ku Mashini, Sasa Nyumba Yangu Inapasuka

Mufiche jina yangu, lakini musifiche maneno yangu. Mimi ni mumama wa miaka sabini na kitu, mujane, ninaishi hapa Bunia. Masomo sikuona. Ninasema, jirani yangu anaandika, na nimemukataza kutengeneza maneno yangu yakuwe mazuri kuliko mimi.

Niko na mujukuu nililea tangu mama yake alikufa. Nitamuita Neema, hiyo si jina yake; yeye ananiita Koko, ni kusema nyanya. Anatumika kazi ndani ya nyumba yangu, ku mashini, ile kompyuta, anajibu wateja wa kampuni moja ya Ulaya. Mulango wa ofisi yake hajawahi kuuona. Mwanzoni nilimuchekelea: mutu anaamuka, ananawa uso, anaingia ku chumba, anasema niko kazini. Nilimwambia, "Weye ukiwa kazini, mimi niko Ulaya." Lakini njo yeye anatulisha siye wote, basi nikafunga mudomo.

Shida ni kwamba wale walioanza nyuma yake walikuwa wanapandishwa, yeye anabakia pale pale. Siku moja nikamukuta analia mbele ya mashini.

"Nani amekutukana?"

"Hakuna, Koko. Kuko nafasi ya kuongoza wenzangu, na nitaikosa tena. Wengine wanafungua kamera, wanaonekana, wanacheka na wakubwa. Mimi ni sauti tu. Hawanijue."

"Si ufungue na weye hiyo kamera."

"Nifungue waone nini? Magodoro?"

Alisema kweli. Tangu vita ilifukuza watu kule Djugu, mudogo wangu iko hapa na watoto wake na wajukuu wake. Walifika na nguo za mwilini tu. Wanalala mu saloni, wanalala mu kolido, wengine mu chumba cha Neema mwenyewe. Asubuhi anakunja magodoro, anawaomba wanyamaze, anafunga mulango. Lakini mutoto wa kunyonya hajue mukutano ni nini.

Ile neno, hawanijue, iliniingia kama mwiba. Bwana yangu alitumika ku migodi ya zahabu kule Nizi. Wakati walitaka kumuweka kapita, asimamie wengine, baba yake alibeba kuku, akaenda kwa mukubwa wa kazi, akamwambia: "Huyu iko na watu. Umuangalie kama mutoto wako." Kwetu njo hivyo. Mutu hapande ukubwa kama mutu wa barabarani, wazee wanamutolea kwanza, ni kusema wanamuonyesha kwa mukubwa wake. Nikajiambia, kumbe kosa ni letu, mutoto anatafuta ukubwa na hakuna muzee hata mumoja amekwenda kumusalimia mukubwa wake.

Siku ya kumuuliza maswali juu ya ile nafasi ikafika. Neema alituma watu wote inje, akatundika kitenge ku ukuta, akafungua kamera. Mimi nikavaa kikwembe changu cha harusi, nikakamata kuku, nikaingia.

Mukubwa ni Madame mumoja, mutu wa Lubumbashi anayeishi kule Ulaya. Nikamwambia, "Jambo Madame. Mimi ni nyanya ya huyu mutoto. Nimekuletea kuku. Sijue utaikula namna gani, lakini ni yako." Akacheka mpaka akapanguza macho. "Koko, umenikumbusha kwetu. Ikala kwanza ku kiti. Na hapo nyumbani muko wengi?"

Neema akanifinya muguu. Nilifikiri ni haya ya vijana. Nikajibu, "Tuko wengi sana, Madame. Ndugu zetu wamekimbia Djugu. Courant ya umeme ikikatika, Neema anabeba mashini kwa jirani. Masasi ya bunduki ikilia, analala chini na mashini yake na anaendelea kujibu wateja wenu. Huyu mutoto ni wa nguvu."

Nilikuwa ninamusifu, munasikia? Ninamusifu. Na nikaona sura ya Madame inabadilika.

Kumbe Neema alikuwa amewaambia anaishi peke yake, mahali pa utulivu, courant siku yote. Madame hakugomba. Alimwambia kazi yake ni nzuri, nafasi ni yake, lakini mutu wa kuongoza wengine hawezi kupotea ku rezo ya internet kila saa. Mpaka mwisho wa mwezi amuonyeshe mahali pa kimya na penye courant. Bila hivyo, wanamupa mwingine.

Kamera ilipofungwa, Neema akaniambia, "Koko, nilificha muda huu wote, na weye umemwaga yote mara moja."

"Sikusema uongo."

"Njo hiyo, Koko. Hukusema uongo."

Sasa amepata chumba mu ville, katikati ya muji, anataka kwenda kuishi pale peke yake. Binti hajaolewa, hapa kwetu watu watamupa jina mbovu. Baba yake mukubwa amesema akitoka hivyo, yeye hataikala tena na wazee kusema mambo ya mahari yake. Na mimi, masasi ikilia usiku, nitajuaje kama iko muzima? Huyo muzee anasema ni rahisi, wapelekeni wale wakimbizi kambini, nyumba inyamaze. Rahisi kwake. Hakuwapokea wakitetemeka mu mulango.

Mudogo wangu iko na masikio. Leo asubuhi nimemukuta anafunga mufuko, masahani iko ku mukono.

"Unaenda wapi?"

"Kambini, yaya, mukubwa wangu. Mutoto wenu apande."

"Shusha hiyo masahani chini, kabla sijakuchapa. Hata ukizeeka namna gani, mimi njo mukubwa wako."

Alicheka, halafu akalia, na mimi nikalia. Masahani alishusha. Mufuko hakuufungua. Neema alikuwa amesimama ku mulango wake, aliona yote. Akaingia, akafunga, na nikamusikia anaanza kusalimia mteja na sauti tamu, kama mu nyumba hii hakuna mutu anayelia.

Ninyi wenye watoto wanaotumika hivi ku mashini, niambieni: nishike nani, niachilie nani? Musiniandikie "tutakuombea". Maombi niko nayo. Nipeni njia, mwezi unakwisha.