Moyo wa Mwenyekiti wa Kuzikana

Pale Ikungi, ukimwona Alute amesimama mbele ya nyumba yako, mikono nyuma, anautazama uwanja wako kwa jicho la kupima, ujue amesikia una mgonjwa ndani. Hana nia mbaya. Ni mwenyekiti wa chama cha kuzikana, na mwenyekiti makini hangoji mtu akate roho ndipo aanze kuhangaika turubai litakaa wapi. Anapiga hodi, anakaa, anampa mgonjwa pole, anakunywa chai ya watu, na muda wote macho yanazunguka: hapa masufuria, pale viti vya wanawake, spika pembeni isimpigie padri kelele. Wapo wagonjwa pale Ikungi waliopona kwa hasira tu.

Alute pia analima alizeti, lakini hakuna anayemsifia alizeti. Sifa zake ziko kwenye kipaza sauti. Akishakishika makaburini, waliokuwa wanalia wananyamaza, si kwa kufarijika, bali kwa kuogopa kutajwa majina. "Jikazeni!" huwaambia. "Wewe kijana, unamlilia nani hivyo? Jikaze!" Siku Rebeka alipomzika mumewe, akataka kuanguka pale pale kwenye udongo, Alute alimwambia mbele ya umati mzima, "Rebeka, jikaze, watoto wanakutazama." Rebeka akajikaza, na Alute akaisimulia habari hiyo miaka mingi kama mfano mzuri. Kwake yeye machozi ni ya watoto wachanga, na wasiwasi ni ugonjwa wa watu wa mjini wasio na shamba la kupalilia.

Sasa huyo ndiye aliyekamatwa na moyo.

Ulimshika mchana kweupe, siku ujumbe wa Gerald ulipokuja kupanga tarehe. Gerald ni fundi umeme wa Mwankoko, kijana mpole, amemposa Emiliana, kitinda mimba wa Alute. Mazungumzo yalikwenda vizuri. Mshenga akauliza sendofu, sherehe ya kumuaga binti, iwe lini, Selina, mke wa Alute, akataja Jumamosi moja ya mwezi wa sita, alizeti ikishaingia ghalani, na watu wote wakapiga makofi. Alute naye akapiga makofi. Katikati ya makofi kitu kikamruka kifuani. Kikaruka tena, halafu kikaanza kukimbia, jasho likamtoka, vidole vikafa ganzi. Akaomba udhuru, akaenda nyuma ya ghala, akashika ukuta, akasubiri kufa. Hakufa. Akarudi akala kuku.

Lazima umjue Emiliana. Anafundisha shule ya msingi jirani na nyumbani, na bado anakaa kwa wazazi wake. Ndiye anayejua miwani ya baba iko wapi. Ndiye anayemsomea ujumbe wa simu na kumkata kucha za miguu, ambazo Alute hazifikii tena kwa sababu ya tumbo, na ndiye pekee katika nyumba ile anayethubutu kumwambia, "Baba, hapo umetia chumvi." Mwankoko si Ulaya. Ukitoka Ikungi asubuhi unafika, unasalimia, unakula, na jioni umesharudi kufunga mbuzi. Lakini mwambie Alute.

Tangu siku ile moyo wake ukawa na tabia zake. Emiliana akijaribu gauni, unadunda. Selina akisema "mwezi wa sita", unadunda. Padri aliposoma tangazo la ndoa kanisani, ulidunda mpaka mwenyekiti akatoka nje, na waumini wakaamini ni tumbo. Mtu mwingine yeyote angeshaelewa. Alute alilaumu maharage, kisha jua, kisha kahawa, kisha jirani mmoja ambaye sitamtaja, na mwisho akakubali jambo kubwa lenye heshima: ana ugonjwa wa moyo. Mkulima wa kawaida huumwa mgongo. Moyo wanaumwa wakubwa. Akaanza kutembea polepole, kiganja kifuani, na akisalimiwa anavuta pumzi kwanza ndipo aitikie.

Kisha akatoa tamko. Sendofu isogezwe mbele mpaka moyo utulie.

"Mnataka nianguke mbele ya wageni?" aliuliza.

Hakuna aliyetaka. Gerald akapigiwa simu, akasema hakuna shida, afya ya mzee kwanza. Ikapangwa mwezi wa nane. Mwezi wa nane ukakaribia, moyo ukafufuka, ikasogezwa tena. Safari hii simu ilichukuliwa na shangazi yake Gerald, akauliza kwa adabu kubwa kama pale Ikungi wana mipango mingine na binti yao. Kwa lugha ya mashangazi, hayo ni maneno ya mwisho kabla ya kwenda kuposa kwingine. Emiliana aliingia jikoni akalia. Selina alimsikia. Alute naye alimsikia, akajigeuza kitandani akatazama ukutani.

Watu wa Ikungi wana roho nzuri, wakasikia mwenyekiti anaumwa wakaja kumfariji. Alikuja dada yake Hana, akaja pia Mama Jesca wa jirani, kuku mkononi. Alute alikuwa amekaa kivulini anakunywa uji kwa kijiko.

"Pole sana, kaka," alisema Mama Jesca. "Moyo ni kitu kibaya. Mjomba wangu alikuwa anakula tu, hivi hivi kama wewe, kijiko mkononi."

"Akaugua muda mrefu?" aliuliza Hana.

"Augue saa ngapi? Nakwambia kijiko kilikuwa mkononi. Hata kukitoa ilikuwa kazi."

Alute aliweka kijiko chini taratibu. Hana, ili kumtuliza kaka yake, akasema si wote wanaokufa ghafla hivyo, yupo mtu wa Unyambwa ambaye alichukua wiki nzima. Mama Jesca akakubali kwamba wiki ni nafuu, familia inapata muda wa kujiandaa. Walifariji hivyo mpaka uji ukapoa, na walipoondoka, moyo wa Alute ulikuwa unaruka hata kola ya shati inaonekana kucheza.

Lakini aliyemmaliza ni Paschal, makamu wake katika chama. Paschal alipiga hodi, akatoa pole, akanywa chai, na huku akinywa, macho yake yakawa yanazunguka. Yalipita kwenye kona ya jiko. Yakapita kwenye banda la mbuzi. Yakatua kwenye mwarobaini ulio katikati ya uwanja, yakabaki hapo.

"Uwanja wako mzuri, mwenyekiti," alisema. "Tambarare."

Alute alilijua jicho lile. Ndiye aliyelifundisha.

"Huu mwarobaini," akaendelea Paschal, "tukiupunguza matawi ya upande huu, utasikitika?"

Selina alimkuta mumewe ameshika kiti kwa mikono miwili, amekuwa wa rangi ya majivu. Akakodi gari, wakaenda mjini hospitali.

Daktari alikuwa binti mdogo anaitwa Jenipher. "Shikamoo baba," alisema, akamlaza, akambandika nyaya kifuani, akatoa damu, akauliza habari za kahawa na usingizi, akawaambia wasubiri. Majibu yalipotoka akavuta kiti akakaa karibu, akashika kifundo cha mkono wa Alute.

"Baba, moyo wako mzima. Kuna vijana hawana moyo kama huu."

"Mbona unakimbia?"

"Unakimbia kwa sababu una wasiwasi. Mtu akiogopa, mwili unadhani kuna hatari, unautuma moyo uende mbio ili akimbie au apigane. Wewe ukisikia mapigo unaogopa zaidi, nao unazidi kwenda. Hujisingizii, baba, ni kweli unadunda. Ila hauumwi. Kuna jambo linakusumbua nyumbani?"

"Hakuna," alisema Alute.

"Binti yetu anaolewa," alisema Selina.

Daktari aliinamisha kichwa kidogo, vidole vyake bado vinasikiliza mapigo kwenye mkono wa mzee. "Mama, hebu rudia."

"Emiliana anaolewa. Anahamia Mwankoko."

Jenipher akatabasamu. "Na wewe umesikia, baba?"

Alute aliuchomoa mkono wake. Alipewa mawaidha ya kupunguza kahawa, kutembea asubuhi, kuvuta pumzi taratibu kifua kinapoanza, kuzungumza na mtu anayemwamini, na kurudi upesi akizimia au akiumwa kifua. Hakusikia hata moja. Alikuwa ametukanwa. Amekuja na ugonjwa wa wakubwa, anarudishwa nyumbani na wasiwasi.

Kwenye gari akauliza, "Watu tutawaambia nini?"

"Kwamba umepona."

"Tutasema moyo unakwenda mbio. Daktari mwenyewe kasema."

"Kasema unaogopa."

"Kasema unakwenda mbio!"

Selina alimjibu kwa Kinyaturu, lugha anayoitunza kwa siku za hasira, jibu fupi sana lililotosha mpaka Ikungi. Pale nyumbani Alute hakusema uongo hata mmoja. Aliwaambia tu majirani, "Wamenibandika nyaya kifua kizima," akavuta pumzi. Majirani wakatikisa vichwa. Nyaya! Mama Jesca akaleta kuku mwingine. Na kabla ya jogoo huyo kuchinjwa, mwenyekiti akatoa tamko la tatu: sherehe isubiri mwaka ujao. Emiliana alimtazama baba yake muda mrefu, na safari hii hakulia. Alichukua mkoba akaenda shuleni.

Jumamosi iliyofuata Alute aliamshwa na mlio wa vyuma vinagongana. Mlio huo hakuna anayeujua kuliko yeye, ni mabomba ya turubai la chama. Akatoka na fulana. Uwanja umejaa wanachama. Turubai la kijani limeshasimama nusu, matawi ya mwarobaini yako chini, masufuria kona ya jiko, viti vya wanawake upande wa banda, spika pembeni. Kila kitu kiko pale pale ambapo yeye mwenyewe angekiweka.

"Paschal," alisema kwa sauti ndogo, "ni nani amekufa?"

Paschal akamtazama Emiliana. Emiliana alikuwa anatoka jikoni na kanga kiunoni, mikono ina unga.

"Hajafa mtu, baba. Ni sendofu yangu. Gerald na wazee wake wameshapanda gari."

"Nani ameruhusu?"

"Mimi. Baba mdogo Paschal nilimtuma mwenyewe siku ile aje kupima uwanja."

"Emiliana, mimi mgonjwa. Moyo wangu..."

"Mama kaniambia alichosema daktari." Aliyasema bila kupandisha sauti, kama anavyosema na darasa. "Lakini sawa, tuseme unaumwa. Ukifa leo, turubai ni hili hili na masufuria ni haya haya. Watu watabadilisha nguo tu. Ila kwanza utanitoa, baba."

Wanachama wakainamia kazi zao. Walishazoea maneno ya namna hiyo, isipokuwa siku zote yalikuwa yanatoka kwa mwenyekiti.

Alute akaenda kuvaa suti.

Mchana wageni wa Mwankoko walikuwa wamekaa, shangazi yake Gerald mbele kabisa, mkoba mapajani, anasubiri kuona. Mshereheshaji akamwita baba wa binti amwombee na kumkabidhi. Alute alisimama na Emiliana ubavuni, akapewa kipaza sauti, kile kile cha makaburini. Watu wakajiweka sawa kwenye viti. Moyo ukaanza: ukaruka, ukaruka, ukakimbia. Alute akasahau hotuba yote. Kwa kukosa pa kushika akashika kifundo cha mkono wa binti yake, na vidole vikaangukia pale pale ambapo vya daktari viliangukia kwake.

Akashtuka.

"Wewe," alisema, na kipaza sauti kikapeleka maneno hadi kwenye viti vya mwisho, "mbona wako unakwenda mbio kuliko wangu?"

"Naogopa, baba."

"Unaogopa nini?"

"Kuwaacha."

Alute alimtazama mtoto wake, gauni, nywele zilizosukwa, kidevu kinachotetemeka ambacho ni cha Selina mtupu. Alivuta pumzi taratibu kama alivyofundishwa, haikusaidia.

"Na mimi," alisema. "Na mimi naogopa, mwanangu. Tangu siku ile ya makofi."

Kisha, mbele ya wakwe, mbele ya padri na chama kizima cha kuzikana, mwenyekiti akalia. Alilia kwa sauti, mabega yakitikisika, kipaza sauti kikiwa bado wazi. Watu hawakujua watazame wapi. Shangazi yake Gerald akafungua mkoba akatafuta kitambaa.

Kutoka kwenye viti vya wanawake upande wa banda ikasikika sauti.

"Jikaze, mwenyekiti!"

Alikuwa Rebeka. Uwanja mzima ukacheka, wengine mpaka wakashika mbavu, na Alute akainua uso uliolowa akamtafuta kwa macho.

"Siwezi, Rebeka," alisema.

Rebeka yeye hakuwa anacheka.

"Hata mimi sikuweza," alisema.